Je, wajua? Kwa nini Subaru ya zamani ikivalishwa rimu kubwa inakuwa ngumu kusimama

Mteremko wa kutoka Bugando kushuka mjini Mwanza haufichi udhaifu wa breki. Impreza WRX ya miaka ya 1990 iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani huushuka kwa utulivu. Ivalishe rimu za inchi 18 bila kugusa kitu kingine, na dereva ataanza kukanyaga zaidi. Breki ni zilezile, kwa nini basi?

Diski hulishika gurudumu karibu na kitovu, lakini barabara hulisukuma kwenye ukingo wa tairi. Tairi likiwa kubwa, barabara inapata mkono mrefu wa kushindana na breki, kama spana ndefu inavyoishinda nati iliyoigomea spana fupi. Tairi la 205/50R16, la rimu ya inchi 16, lina kipenyo cha milimita 611 hivi; la 225/40R18, la rimu ya inchi 18, lina 637. Ongezeko ni zaidi kidogo ya asilimia 4, na mguu wako unadaiwa nguvu ya ziada kwa kiasi hichohicho. Rimu kubwa pia mara nyingi ni nzito zaidi, na uzito wake uko mbali na kitovu, kwa hiyo kuuzuia usizunguke ni kazi nyingine. Spidomita nayo inapotoka: pale ilipokuwa ikisoma 100 kwa usahihi, sasa gari liko 104. Mwenye kutaka inchi 17 atumie 205/45R17, yenye milimita 616.

Ndiyo maana mpangilio sahihi ni breki kwanza, habu (kitovu cha chuma ambako gurudumu hufungwa) na beringi zifuate, rimu mwisho. Mitaani hufanywa kinyume, kwa sababu rimu ndiyo inayoonekana.

Kwa breki za mbele, kalipa (vifaa vinavyobana diski) za Subaru zenye pistoni nne na diski ya milimita 294 zinakaa ndani ya rimu nyingi za inchi 16. Kalipa za Brembo za STI, ile Impreza yenye nguvu zaidi, zenye diski ya 326 zinadai inchi 17, na hapo napo si kila 17 itafaa, maana umbo la spoki ndilo linaloamua. Vaa rimu tupu kabla ya kuvisha tairi, kaza nati, zungusha kwa mkono. Ukikosa angalau milimita 3 kati ya spoki na kalipa, achana nayo.

Kosa linalowatesa mafundi wengi ni kufunga kalipa ya kushoto upande wa kulia. Inaingia vizuri kabisa, ila nipeli ya kutolea upepo inakuwa chini badala ya juu. Upepo unabaki juu ya pistoni, na hata mkitoa lita nzima ya mafuta pedali itaendelea kuwa laini. Na pistoni kubwa zinahitaji mafuta mengi zaidi kwa kila mkanyago, kwa hiyo pedali ikienda chini zaidi kidogo kuliko zamani wakati upepo umeisha, angalia ukubwa wa masta silinda, pampu inayosukumwa na pedali.

Nyuma kuna mtego mwingine. Ndani ya diski mna ngoma ndogo ya handibreki, na ile ya STI yenye Brembo ni kubwa kuliko ya WRX ya kawaida: milimita 190 kwa 170. Ukifunga diski isiyolingana na viatu vya breki vilivyomo, handibreki haishiki, jambo la hatari kwa anayeegesha kwenye miinuko ya Capri Point.

Mafuta ya breki yawe ya daraja la DOT 4, kutoka chupa iliyofunguliwa siku hiyohiyo. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani, nasi tuko kando ya ziwa. Yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230. Yakishanyonya maji, kiwango cha chini kinachokubalika ni 155. Yakichemka mteremkoni, pedali inazama hadi chini.

Beringi huuawa na namba ya ET iliyochongwa nyuma ya rimu, yaani milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu. Ukitoka ET 53 kwenda ET 35 kwa upana uleule, gurudumu linatoka nje milimita 18, na mzigo unaacha kukaa katikati ya beringi. Itaanza kuvuma, hasa ukikata kona. Ukifungua nati ya shafti kuibadilisha, gari lisikanyage chini nati ikiwa imelegea, maana uzito utaiharibu hata beringi mpya. Funga nati mpya, kwa GC8 (ndiyo hiyo Impreza ya miaka ya 1990) ikazwe kama Nm 186, kisha gonga ukingo wake uingie kwenye mfereji wa shafti. Pini ya jointi ya ndani ya shafti nayo hupita upande mmoja tu; ikikataa, toa shafti uigeuze nusu mzunguko. Nyundo haisaidii.

Sasa rimu. GC8 hutumia 5x100, yaani nati tano kwenye duara la milimita 100, na tundu la katikati la milimita 56.1. Toyota Premio za umbo la 240 nazo ni 5x100, na hapo ndipo watu hunaswa, kwa sababu tundu la rimu yake ya kiwandani ni 54.1. Rimu inaegemea shingo ya habu na haikai bapa, huku nati zikionekana zimekaza. Mkereza vyuma anaweza kulipanua tundu hadi 56.1, mradi tundu libaki katikati kabisa. Nati nazo usichanganye: Subaru ni M12x1.25, Toyota ni M12x1.5; unene ni uleule wa milimita 12, ila nafasi kati ya uzi na uzi inatofautiana. Ya Toyota huingia kwa mkono mzunguko mmoja au miwili kisha inagoma. Fundi akiilazimisha kwa mashine ya upepo, uzi wa stadi, ile skrubu ya kwenye habu, umekwisha.

Rimu ya dukani yenye tundu la 73.1 inahitaji ringi ya kujaza nafasi, la sivyo usukani utatetemeka kwenye mwendo wa barabara ya Musoma hata baada ya balansi mara tatu. Kaza kwa msalaba, kisha rudia baada ya kilomita 50 hadi 100.

Matairi yote manne yawe saizi moja na yalingane kuchakaa. Jipya moja likichanganywa na matatu yaliyolika, difu ya kati ya Subaru ya manyuo, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, inafanya kazi bila kupumzika hata kwenye barabara iliyonyooka, na mafuta mazito yaliyo ndani ya kiungo chake yanapata moto hadi kinakufa.