Neno "kioo" linavyotuponza: mikwaruzo ya laptopu na yanayosemwa mitaani

Wiki iliyopita alikuja kijana mmoja wa chuo, laptopu kaikumbatia kifuani. "Ami, kulikuwa na mkwaruzo mdogo tu," akaniambia. "Nikausugua na dawa ya meno kama nilivyoambiwa. Sasa hebu tazama."

Nikaizima, nikaielekeza mlangoni kwenye mwanga. Mkwaruzo ulikuwa palepale, mwembamba kama unywele. Ubavuni mwake sasa palikuwa na doa linalong'aa, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Tulipoiwasha, maandishi ya sehemu ile yalisomeka kama yamefunikwa na ukungu. Ule mkwaruzo angeuzoea baada ya siku tatu. Doa lile haliondoki mpaka skrini ibadilishwe.

Nimeumia kumwona, maana si wa kwanza. Mimi ni fundi wa laptopu, na skrini nyingi zinazofika mezani kwangu zimeharibiwa na mkono uliotaka kuzitengeneza.

Dhana: hiki ni kioo, hakikwaruziki ovyo

Tunakiita kioo, na hapo ndipo tunapopotea. Laptopu nyingi zisizo za kugusa, zile ambazo uso wake haung'ai, juu kabisa zina utando wa plastiki uliogandishwa kwenye kioo chembamba cha ndani. Kidole chako kinagusa plastiki. Uso huo una vinundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na kazi yake ni kutawanya mwanga ili dirisha la nyuma yako lisionekane ndani ya maandishi. Ugumu wake watengenezaji huuandika 3H, na hicho ni kipimo cha penseli: uso hukwaruzwa kwa penseli za ugumu tofauti kuona ipi itauchora. Yaani kitu kinachopimwa kwa penseli ndicho tunachokisugua kama sufuria.

Za kugusa, na nyingi zinazong'aa, zina kioo kweli juu. Hizo hustahimili zaidi, ila nazo mara nyingi zimepakwa utando mwembamba wa kupunguza mng'aro au alama za vidole, na utando huo unasugulika ukaisha.

Dhana: dawa ya meno inaondoa mkwaruzo

Ndani ya dawa ya meno mna unga wa kusugulia, aghlabu wa chokaa au silika, uliowekwa ili ukwangue uchafu kwenye jino. Jino ni gumu kuliko plastiki ya skrini kwa mbali. Mkwaruzo ni mfereji. Kuuondoa ni lazima ushushe uso wote unaouzunguka mpaka ulingane na kina chake. Unaposugua unavila vile vinundu, na pale vilipokwisha mwanga hautawanyiki tena, unarudi kama kwenye sahani ya udongo. Doa la yule kijana lilitoka hapo. Soda ya kuokea na polishi ya gari ni hadithi ileile.

Mafuta ya nazi na Vaseline angalau hayakwangui. Yanajaza mfereji, mwanga unapita vizuri zaidi, mkwaruzo unafichika. Siku ya pili vumbi limeganda juu yake, unafuta, na vumbi lile linachora mikwaruzo mipya.

Dhana: mchanga wetu ni laini kama unga

Hii nimeisikia zaidi kwa watu wa Paje na Jambiani, huko mashariki ya Unguja, na nusu yake ni kweli. Mchanga mweupe wa pwani ya mashariki umetokana na matumbawe, makombe na mwani wenye chokaa. Kwenye kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, chokaa hiyo iko kati ya 3 na 4, na kioo cha kawaida kiko kwenye 5.5 hivi. Kwa hiyo kioo halisi mchanga huo haukiwezi. Plastiki unaiweza. Tena mchanga hauji peke yake: vumbi la barabarani na la wajenzi lina punje za kwatzi, ambayo ugumu wake ni 7, na hiyo inachora hata kioo. Punje moja chini ya kitambaa inatosha.

Ukikaa karibu na bahari kuna na chumvi, inayoletwa na upepo na kuganda kwenye skrini kama vumbi jepesi. Chumvi huyeyuka kwa maji, mchanga hauyeyuki. Ndiyo maana kufuta kukavu ndiko kubaya kuliko kote.

Mimi hufanya hivi. Naizima na kuchomoa chaja. Napitisha brashi laini ya rangi, mpya, kuanzia juu kwenda chini, bila kukandamiza. Kisha kitambaa cha kufutia miwani, nimekilowesha maji safi ya kunywa na kukikamua mpaka hakidondoshi. Maji ya kisima yenye chumvi siyatumii. Nafuta upande mmoja, nakigeuza, nafuta tena, halafu namalizia na kingine kikavu. Maji hayapulizwi moja kwa moja kwenye skrini, yatateremka mpaka ukingo wa chini na kuingia kwenye saketi.

Na kanga kuukuu? Pamba yake ni laini, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kilichomo: mchanga, unga wa jikoni, na ule ushonaji wa ukingoni. Ikatwe kipande cha katikati, kifuliwe, kitengwe kwa kazi hiyo tu.

Dhana: alama za vitufe ni mikwaruzo

Mara nyingi ni mafuta ya vidole yaliyotoka kwenye kibodi. Pitisha kitambaa chenye unyevu. Zikitoka, umepona. Zikibaki, skrini imekuwa ikikandamizwa. Nenda bandarini siku ya boti ya Mkoani, Pemba, utazame mikoba inavyorundikwa: laptopu chini, juu yake magunia na maboksi, na chaja imesokomezwa ubavuni humohumo kwenye mkoba. Chaja iwe mfuko wake, na laptopu uipakate mwenyewe.

Wengine wanaacha jalada la mpira juu ya kibodi, kisha wanafunga, wakidhani wameikinga skrini. Nafasi iliyobaki hapo ni ndogo sana. Apple inawaonya wenye MacBook wasifunge na kifuniko cha kamera kinachozidi unene wa karatasi ya printa, 0.1 mm. Mpira wa kibodi umezidi hapo mara nyingi.

Mstari unaoonekana ikiwa imewashwa na kupotea ikizimwa si mkwaruzo hata kidogo. Huo ni ubovu wa ndani.

Ukiamua kubadilisha, hubadilishwa skrini nzima. Mwambie fundi akuoneshe namba iliyoandikwa nyuma ya ile ya zamani, inchi zake, na kama soketi yake ni ya pini 30 au 40, kabla hujatoa pesa.

Yule kijana ana mtihani mwezi ujao, na pesa za skrini hana. Tumekubaliana abaki nayo. Nimemsogezea dirisha la kuandikia kushoto, mbali na doa, nikampa na kitambaa cha miwani.