Mlinzi wa getini si mlinzi wa moto

Nimesimamia majengo ya biashara Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na kila nikimtajia mwenye mali suala la mlinzi wa moto, jibu huwa lilelile: "Si nina walinzi wawili getini?" Anao kweli. Wanaandika namba za magari, wanasalimia wateja vizuri, na usiku mmoja akisinzia mwenzake anasikiliza redio. Lakini wao wamewekwa kumngoja mwizi, na mwizi hutokea nje. Moto huanzia ndani: nyuma ya shehena, chini ya ngazi, kwenye soketi moja iliyobebeshwa friji tatu. Mlinzi wa getini hana hata ufunguo wa huko. Mara nyingi amekatazwa kabisa kuingia, kwa sababu tajiri anahofia naye ataondoka na kitu.

Mlinzi wa moto huwekwa kwa muda, saa chache au siku chache, pale ambapo jengo limepoteza kinga zake au ambapo moto umeingizwa ndani kwa makusudi, kama wakati wa kuchomelea vyuma. Anazunguka chumba kwa chumba, kila robo saa au nusu saa. Ananusa, anagusa mlango kwa mgongo wa kiganja kabla ya kuufungua, kisha anaandika daftarini saa aliyopita na alichokikuta. Funguo zote anazo, tochi anayo, na simu yake ina chaji. Ukimwongezea kazi ya kupokea mizigo, jua kwamba mlinzi wa moto huna tena.

"Fundi akizima mashine, hatari imekwisha"

Hii ndiyo dhana inayoniogopesha kuliko zote, kwa sababu niliiona ikitaka kutuunguza. Godauni moja la magodoro, fundi aliitwa mchana kuchomelea bawaba ya mlango wa chuma. Kazi ya dakika ishirini. Akamwaga maji kidogo sakafuni, akachomelea, akalipwa, akafunga mashine yake kwenye bodaboda na kwenda zake. Saa moja na nusu baadaye kijana wa stoo akasema anasikia harufu ya kamba inayoungua. Tukaanza kuhamisha magunia matupu ya katani yaliyorundikwa kando ya mlango. Kwenye gunia la tatu tukakuta duara jeusi lenye ukubwa wa kisahani cha chai, kingo zake nyekundu zikitambaa taratibu, bila mwali hata mmoja. Ilikuwa imebaki nusu saa tufunge godauni turudi nyumbani.

Cheche ya kuchomelea ni tone la chuma kilichoyeyuka. Huruka mbali kuliko unavyodhani, hudunda sakafuni, huingia kwenye ufa na kufukuta humo kimya kimya. Ndiyo maana kanuni za NFPA, chama cha Marekani kinachoandika viwango vya kujikinga na moto, zinataka vitu vinavyoshika moto viondolewe ndani ya takriban mita 11 kutoka kwa fundi, au vifunikwe kwa kitambaa kisichoungua, na mtu abaki akiangalia hata baada ya kazi kwisha. Zamani muda huo ulikuwa dakika 30. Toleo la 2019 liliupandisha hadi 60. Kwa mali kama magodoro au marobota ya mitumba, mimi naongeza tena, na mafundi wameshanizoea.

Halafu kuna upande wa pili wa ukuta, ambao watu husahau. Tarehe 11 Aprili 1996, kwenye uwanja wa ndege wa Düsseldorf, Ujerumani, mafundi walikuwa wakichomelea kwenye barabara iliyopita juu ya jengo la abiria. Moto ukashika chini yao, kwenye dari lililojaa vifaa vya povu vya kuzuia joto, mahali ambapo wao hawakuweza kuona. Watu 17 walikufa. Ukichomelea sakafu ya juu, mtu mmoja awe juu na mwingine chini.

"Umeme ukikatika, angalau moto wa umeme hatuna"

Hapa tunajidanganya kila mgao unapokuja. Betri za paneli ya kengele ya moto zina kikomo, na zilizozeeka hufa mapema zaidi. Pampu ya maji ya umeme husimama. Watu huwasha mishumaa dukani, jenereta huongezewa petroli ingali ya moto, na umeme ukirudi kwa kishindo, pasi iliyosahauliwa kwa fundi cherehani nayo inarudi kazini. Maji ya bomba yakikatika ni vivyo hivyo: tanki likikauka, vile vinyunyizio vya maji darini vinabaki kuwa mapambo.

Basi mlinzi anahitajika baada ya muda gani? NFPA wana kipimo ambacho ni rahisi kukishika. Kengele ya moto ikiwa haifanyi kazi kwa zaidi ya saa 4 ndani ya saa 24, jengo lihamwe au liwekwe mlinzi wa moto. Kwa vinyunyizio, kikomo ni saa 10 ndani ya saa 24. Hizo ni kanuni za kwao, lakini moto wa Kariakoo hauchomi tofauti na wa Chicago, na namba hizo zinakusaidia kubishana na bosi anayetaka kusubiri hadi Jumatatu. Jengo linalojengwa au kukarabatiwa nalo liingie kwenye hesabu hiyo, maana kengele haijafungwa au imezimwa ili vumbi lisiipigishe kelele ovyo.

"Mtungi upo ukutani"

Mtungi wa unga wa kilo 6 humalizika chini ya nusu dakika. Unafaa kwa moto wa ukubwa wa ndoo ya taka, ukiwa na mtu aliyewahi kuuvuta pini. Mlinzi wa moto kwanza anapiga kelele watu watoke, anapiga 114 kuita Zimamoto (kwa Kenya ni 999 au 112), kisha ndipo anaamua kama moto ule ni wa kupambana nao. Wengi wetu tunaanza na mtungi, na simu inapigwa na mpita njia.

"Nimefunga milango yote kwa kufuli, mali iko salama"

Tarehe 25 Machi 1911 kiwanda cha nguo cha Triangle, New York, kiliungua kwenye ghorofa za juu. Mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, kwa hofu ya wafanyakazi kuiba vitambaa. Walikufa watu 146. Zaidi ya karne imepita, na bado naingia kwenye maduka ambayo mlango wa nyuma una komeo na kufuli, huku ufunguo uko mfukoni mwa mtu aliyekwenda msibani Tanga. Mlinzi wa moto asiye na mamlaka ya kufungua mlango huo ni shahidi tu.

"Yeyote anaweza kazi hii, ni kutembeatembea"

Aprili 15, 2019, kengele ya moto ya kanisa kuu la Notre-Dame, Paris, ililia. Mlinzi akatumwa kukagua, akapelekwa kwenye dari lisilo lenyewe, akakuta hakuna kitu. Mpaka walipotambua kwamba mahali penyewe ni dari la kanisa kubwa, karibu nusu saa ilikuwa imepotea na mbao za karne nyingi zinawaka. Mashine ilifanya kazi yake. Watu hawakuelewana kuhusu mahali. Kwa hiyo kabla ya zamu, nazunguka na mlinzi jengo zima kwa miguu, nikimwonyesha swichi kuu, valvu ya gesi, na kila chumba kwa jina ambalo watu wa jengo hilo hulitumia. "Stoo ya Mama Asha" haimo kwenye ramani yoyote.

Kamera, kwa wanaouliza, hazinusi.

Kuhusu bima, soma mkataba wako, hasa vipengele vya kazi za kuchomelea na vya vifaa vya moto visivyofanya kazi. Daftari la mlinzi lenye saa na sahihi ni karatasi ambayo utafurahi kuwa nayo.

Linabaki suala la lini umruhusu aende, na hapa watu huharakisha. Fundi wa kengele atakuja saa nane usiku na kusema "tayari". Mwambie ajaribu kitambua moshi kimoja kwa kila ghorofa, nawe ukiwa umesimama pale. Vikilia vyote, na paneli ikionyesha ghorofa ile ile uliyosimama, mlinzi aweke sahihi ya mwisho akalale.