Je, wajua kwa nini Ousmane Sembène, mwandishi wa riwaya wa Senegal, aligeukia filamu?

Jibu linalozoeleka ni fupi: aliona Wasenegali wengi hawajui kusoma, akatupa kalamu, akashika kamera. Nusu ya kwanza ya jibu hilo ni kweli. Sembène, mzaliwa wa Ziguinchor mwaka 1923, alikuwa kuli bandarini Marseille kabla ya kuchapisha riwaya yake ya kwanza mwaka 1956. Riwaya yake ya 1960, inayohusu mgomo wa wafanyakazi wa reli ya Dakar–Niger, ilimjengea jina, lakini kwa Kifaransa, lugha ambayo wengi wa watu wa aina ile aliowaandika hawakuweza kuisoma. Mwaka 1962 akaenda Moscow, akajifunza utengenezaji wa filamu katika studio ya Gorky chini ya mwongozaji wa Kisovieti Mark Donskoy. Baadaye alikuwa akiiita sinema shule ya jioni ya watu wake.

Hiyo kalamu iliyotupwa, ndiyo haipo. Xala ilitoka kama riwaya mwaka 1973 na kama filamu mwaka 1975. Riwaya nyingine ikafuata mwaka 1981. Guelwaar ilianza kama filamu mwaka 1992, kisha akaigeuza kuwa riwaya mwaka 1996, yaani kinyume kabisa cha njia tunayodhani kila mwandishi huipita. Wala filamu haikuwafikia wanakijiji yenyewe kwa sababu tu haihitaji kusomwa: kumbi nyingi zilikuwa mijini, na usambazaji wa filamu katika nchi za Afrika zilizotawaliwa na Ufaransa ulishikwa na kampuni mbili za Kifaransa. Mara nyingine ilibidi Sembène azunguke na filamu zake mwenyewe.

Kwa hiyo kusoma na kutosoma hakutoshi kueleza. Lipo jambo la sikio.

Msimulizi wa riwaya ni kama mshenga. Anakuja na maneno ya mtu mwingine, kwa sauti yake mwenyewe na kwa lugha anayoijua yeye, nawe huulizi yule aliyemtuma alitamka vipi hasa. Mzee wa Dakar akiongea Kifaransa safi kwenye ukurasa, msomaji hashtuki. Anajua moyoni kwamba mzee anasema Kiwolof, lugha kubwa ya Senegal, na mshenga ndiye anayetafsiri. Kamera inamfukuza mshenga. Mzee yuko mbele yako, mdomo unacheza, na ni lazima utoke na lugha fulani.

Tatizo hilo linasikika wazi katika La Noire de..., filamu ya 1966 aliyoitoa katika hadithi yake fupi ya 1962. Diouana, kijana wa Dakar anayefanya kazi za ndani kwa familia ya Kifaransa huko Antibes, Ufaransa, hunena mawazo yake kwa Kifaransa fasaha ambacho hawezi kukizungumza hivyo. Isitoshe, sauti si ya mwigizaji Mbissine Thérèse Diop. Ni ya Toto Bissainthe, msanii wa Haiti. Mshenga karudi kwa mlango wa nyuma! Pengine ndiyo maana uchungu wa filamu hiyo unabebwa zaidi na kinyago, ambacho hakimo katika hadithi fupi: Diouana anawapa waajiri wake kama zawadi, wanakitundika ukutani, na baadaye anakinyakua. Hakihitaji lugha yoyote.

Mwaka 1968 likaja jibu lenyewe, filamu ya Mandabi, kuhusu Ibrahima Dieng anayetumiwa hawala ya faranga 25,000 kutoka Paris na kushindwa kuichukua kwa kukosa kitambulisho. Wahusika wanaongea Kiwolof. Fedha za Ufaransa zilikuja na masharti, kwa hiyo ilipigwa pia toleo la Kifaransa. Na Kiwolof si lugha ya kila Msenegali, jambo ambalo Sembène alilijua: filamu yake Emitaï ya 1971 inatumia Kidiola, lugha ya kusini mwa Senegal.

Kufikia Xala, Kifaransa chenyewe kimekuwa silaha ya mwongozaji. Tajiri El Hadji anamsemesha binti yake Rama kwa Kifaransa, binti anamjibu kwa Kiwolof, na baba anapandwa na hasira. Riwaya ingebidi ikuambie ni nani anatumia lugha ipi. Ukumbini, hata asiyejua neno la lugha zote mbili anasikia kwamba baba na mwana hawako upande mmoja.