Kutoka Ndakaini hadi Sasumua kwa miguu: hesabu mabonde kwanza

Ukifungua mfereji jijini Nairobi, yamkini maji unayokinga yamepitia moja ya mabwawa mawili: Ndakaini, lililokamilika 1994 kule Gatanga, Murang'a, au Sasumua, la mwaka 1956, karibu na Njabini katika Kaunti ya Nyandarua. Katikati yake kuna mabonde ya chai, Msitu wa Kimakia, ukanda wa mianzi, kisha uwanda baridi wa Kinangop. Kwa mstari ulionyooka kwenye ramani ni kilomita 20 na ushee. Kwa miguu ni zaidi ya 30, nami huigawa safari hii mara mbili: siku ya mabonde na siku ya msitu.

"Ni kilomita ngapi?" ndilo swali ninaloulizwa kila mara, na jibu lake halimsaidii mtu sana. Afadhali uulize ni mabonde mangapi.

Milima ya Aberdare imesimama magharibi, na mito yake (Thika, Kimakia, Chania na mingineyo) inateremka kuelekea mashariki na kusini mashariki. Kati ya mto na mto kuna mgongo mrefu, kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Barabara nyingi hupita juu ya mgongo. Ukiufuata mgongo kuelekea milimani, unapanda polepole bila kujua. Ukikata kutoka mgongo mmoja hadi mwingine, unateremka hadi mtoni, unapanda tena, na kilomita 2 za ramani zinakula saa nzima. Siku ya kwanza, kutoka Ndakaini kuelekea mji mdogo wa Gatura, unakata migongo. Siku ya pili, kutoka Gatura kupanda Kimakia, kwa sehemu kubwa unaufuata. Ndiyo maana ile siku inayoonekana fupi kwenye ramani ndiyo inayowamaliza watu magoti.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Mwaka 1892 Mskochi mmoja, William Naismith, alitoa kanuni ambayo kwa vipimo vya leo ni kilomita 5 kwa saa, ukiongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Mtu mwenye mzigo wa kilo 8 mgongoni kwenye barabara ya vumbi nampa kilomita 4 kwa saa. Chukua kipande cha kilomita 8 chenye mabonde matatu ya mita 100 kila moja: saa 2 za kutembea, nusu saa ya kupanda, robo saa ya kuteremka penye mteremko mkali, na dakika 10 za kupumzika kila saa. Hizo ni saa 3 na kitu, wala mvua haijanyesha. Ndani ya msitu nahesabu kilomita 3 kwa saa, na kwenye mianzi iliyoangukia njia, 2.

Kuhesabu mabonde unahitaji ramani ya kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Ramani za 1:50,000 zinauzwa na idara ya serikali ya upimaji, Ruaraka, kando ya Barabara ya Thika. Sentimita 2 ni kilomita moja. Kontua zenye umbo la V linalochongoka kuelekea juu ya mlima ni bonde. Zinazochongoka kuelekea chini ni mgongo. Kabla ya kuhesabu, soma pembeni kama mistari imepimwa kwa mita au kwa futi, kwa sababu karatasi za zamani zina futi.

Kuna mtego mwingine hapo, na huwanasa hata watu waliozoea. Ramani hizo zimechorwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali simu yako inatumia WGS84. Ukichukua namba za simu ukaziweka moja kwa moja kwenye karatasi, utajikuta umekosea kwa karibu mita 300, hasa upande wa kaskazini na kusini. Mita 300 katika nchi hii ni mto mwingine kabisa. Badilisha mfumo kwenye programu ya simu kabla ya kutoka nyumbani, au tumia karatasi kwa kusoma umbo la nchi tu na uiachie simu kazi ya kukuonyesha ulipo.

Pakua ramani ya kutumia bila intaneti na uiweke simu katika hali ya ndege, uifungue kwenye makutano pekee. Mtandao hupatikana mgongoni na hupotea bondeni, na simu inayotafuta mnara kutwa hufa mapema. Ukiwa na jambo la kupiga simu, panda kwanza. Namba za dharura ni 999 na 112. Ya Shirika la Msalaba Mwekundu ni 1199.

Kuuliza njia

Katika mabonde ya chai utauliza njia mara nyingi, maana vijia vinavyoteremka mtoni havipo kwenye ramani yoyote. Usiulize, "Hii inaenda Gatura?" Mtu muungwana atakuitikia tu, hasa akiwa mzee na wewe ni mgeni. Uliza, "Njia hii inafika wapi?" kisha nyamaza. Kabla ya hapo, salimia. Kwa Kikuyu, kwa mtu mmoja ni "wĩ mwega", kwa wengi "mũrĩ ega". Mzee wa makamo ya babu yako mwite guka, na bibi mwite cũcũ. Salamu ya kurukwa ndiyo inayokuletea jibu la mkato.

Na "hapo tu" si kipimo. Uliza ni mwendo wa muda gani, kisha uliza kama huo muda ni wa miguu au wa bodaboda. Vituo vya kununulia majani ya chai ni alama nzuri kuliko zote: kila mtu anavijua kwa jina, viko kando ya barabara inayopitika kwa lori, na siku ya kuchuna hakosi mtu wa kuuliza.

Mbwa wa bomani wana kelele kuliko meno. Simama, usikimbie, inama kama unayeokota jiwe. Mara nyingi kuinama kunatosha.

Kusoma mwinuko kwa macho

Ndakaini iko karibu mita 2,040 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo mimea yenyewe inakwambia ulipofika. Kwanza ni chai ya wakulima wadogo, yenye nyumba, migomba na ng'ombe katikati. Halafu unakuta ukanda wa chai usio na nyumba hata moja: huo ni wa shirika la serikali la Nyayo Tea Zones, uliopandwa kuanzia 1986 kuwa mpaka kati ya mashamba na msitu. Ukiuvuka, umeingia msituni, na kuanzia hapo unahitaji ruhusa. Juu yake kuna misaiprasi na misonobari ya kupandwa kwa mistari, kisha msitu wa asili, na kuanzia mita 2,400 hivi, mianzi. (Kimakia ndipo watafiti walipofyeka bonde la mianzi miaka ya 1950 na kupanda misonobari, wakapima kama mto utapungukiwa maji. Mabonde hayo yana historia ndefu kuliko yanavyoonekana.)

Ruhusa inapatikana kwenye kituo cha misitu. Ada hulipwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na risiti unaionyesha langoni. Omba askari wa msitu wa kutembea nanyi, na muombe siku kadhaa kabla, si asubuhi ileile. Hili silifanyii mzaha: uzio wa umeme wa Aberdare, uliojengwa kuanzia 1989 hadi 2009 na wenye urefu wa karibu kilomita 400, uliwekwa kuwazuia wanyama wasitoke. Wewe unapoingia langoni, unaingia upande wao.

Ndovu wa msituni humuoni mpaka umekuwa karibu mno, kwa hiyo soma alama. Kinyesi kinachong'aa, chenye unyevu na nzi wengi ni cha muda mfupi. Kilichokauka juu na kuota uyoga ni cha siku nyingi. Mwanzi uliovunjwa ambao bado unatoa maji kwenye jeraha maana yake yuko jirani. Beba majivu kidogo kwenye kitambaa, uyarushe kujua upepo unavuma wapi. Ukivuma kutoka kwako kwenda kwake, atakunusa kabla hujamwona, na huenda akaondoka. Mkimwona, mnarudi mlikotoka, polepole, mkiwa pamoja, bila kelele na bila picha.

Nyati ni habari nyingine. Ndovu mara nyingi hupasua matawi ukamsikia, bali nyati husimama kimya kwenye mianzi na hushtuka mkifika ghafla. Kwa hiyo kwenye kona za mianzi mnaongea kwa sauti ya kawaida, askari akiwa mbele. Kikundi kinachonyamaza kwa heshima ya msitu ndicho kinachomkanyaga nyati mkia.

Wadogo nao wana adabu yao. Thabai, mmea wenye vinywele vinavyowasha, hujaa penye mwanga, kandokando ya njia na mahali pa miti iliyokatwa. Ikikuchoma usisugue, bandika plasta uibandue ili ing'oe vinywele. Suruali iingie ndani ya soksi kwa ajili ya siafu na kupe.

Udongo, miguu, mvua

Udongo mwekundu wa mabonde ya chai ukilowa hunata chini ya kiatu mpaka mguu unakuwa na uzito wa jembe. Kiatu chenye soli bapa cha mjini hakina la kushika. Nataka meno ya milimita 4 au 5, yaliyoachana ili tope lianguke. Gambuti, ambazo wenyeji huvaa, ni bora kwa saa mbili za shamba, lakini kwa kilomita 18 kisigino kinacheza ndani yake na kuchunika.

Malengelenge huanza kwa unyevu na msuguano, na dalili yake ni joto sehemu moja. Ukihisi joto hilo, simama saa ileile. Kausha mguu, bandika utepe wa plasta bila mikunjo, badilisha soksi. Anayesema "nitavumilia hadi kileleni" atachechemea hadi Njabini. Kwenye mteremko mrefu kaza kamba za kiatu juu ya wayo ili vidole visigonge mbele. Kucha nyeusi zinatokana na hapo.

Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo uliyetoka Nairobi na fulana utafika kwenye mianzi unatetemeka, na usiku usio na mawingu Kinangop hupata jalidi. Jinzi acha nyumbani: ikilowa haikauki na inakunyonya joto. Sweta ya sufu au fulisi, koti la mvua, na nguo kavu ndani ya mfuko wa turubai unaofungwa. Mfuko wa plastiki usiuwaze. Tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika misitu na mbuga, na chupa ya maji ya dukani imo humo.

Maji: nusu lita kwa saa, yaani lita 3 kwa siku ya msitu. Vijito vya chini vinapokea mbolea ya mashamba na uchafu wa watu na mifugo, wala dawa ya klorini haiondoi mbolea. Jaza kwenye nyumba au hoteli, au juu ya mashamba yote. Maji ya kijito yachuje kwa kitambaa, kisha yachemke kwa dakika 3, kwa kuwa kwenye mwinuko huu yanachemka kabla ya kufika nyuzi 93. Chakula changu ni nduma na viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, ndizi na njugu karanga, kidogo kidogo kila saa. Glukosi pekee hukupandisha kilima kimoja na kukuangusha cha pili.

Miezi mizuri ni Januari, Februari na Septemba. Machi hadi Mei mvua ni ndefu, Oktoba hadi Desemba ni za vuli, na Juni hadi Agosti ukungu huweza kukaa kutwa. Kwenye kivuko, mto unaweza kupanda ilhali kwako jua linawaka, kwa kuwa mvua imenyesha juu msituni. Maji ya kahawia yanayoleta majani na vijiti yanapanda, rudi nyuma. Yakizidi magoti, hupiti. Yakiwa chini ya magoti, legeza mikanda ya begi, fungua wa kiunoni, elekea yanakotoka, fimbo mbele yako, na sogeza mguu mmoja mmoja. Na usipumzike chini ya tuta ambalo kalvati yake imezibwa na magogo. Mafuriko ya Mai Mahiu ya 29 Aprili 2024, yaliyoua makumi ya watu, yalitokana na maji yaliyojikusanya nyuma ya tuta la reli namna hiyo, yakalibomoa usiku.

Siku ya msitu anza kutembea saa moja asubuhi. Giza huingia karibu saa kumi na mbili na nusu, na chini ya miti huingia mapema zaidi. Saa saba mchana, ikiwa bado mko katikati ya mianzi na hesabu inasema mmebaki na zaidi ya saa nne, mnarudi kituoni, hata kama mwenzenu anaapa kwamba Njabini ni hapo tu. Mkiendelea vizuri, mianzi itakatika, mtaona viazi, kabichi na kondoo, na upepo mtupu wa Kinangop utawapiga usoni. Vaeni koti kabla ya kutoka kwenye miti, jasho likiwa bado la moto. Magari ya Nairobi kupitia Flyover, kwenye barabara kuu ya Nairobi na Nakuru, hupungua jioni, kwa hiyo ulizia la mwisho kabla ya kuagiza chai, halafu ndani ya gari kagua nyuma ya magoti na kiunoni: kupe hupenda huko.