Virusi sugu vya UKIMWI na ngono: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Wapo watu hapa Goma wanaoamini kwamba virusi vya UKIMWI vikishakuwa sugu kwa dawa huwa vimechoka, na kwamba haviwezi tena kumpata mtu mwingine kwa njia ya ngono. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, na hapo ndipo inapopotosha. Badiliko la kinasaba liitwalo M184V, linaloviwezesha virusi kuishinda dawa iitwayo lamivudini, kweli hupunguza kasi yao ya kuzaliana. Lakini K103N, linaloshinda dawa za efavirenzi na nevirapini, halividhoofishi sana: virusi vyenye badiliko hilo huambukizwa, na vyaweza kukaa miaka mingi mwilini mwa mtu ambaye hajawahi kumeza hata kidonge kimoja. Kuenea kwa usugu wa aina hiyo ni miongoni mwa sababu zilizolifanya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lipendekeze dolutegraviri, dawa isiyoshindwa na usugu huo, katika matibabu ya mwanzo.

Wengine hudhani kinyume, kwamba aliyewahi kupata usugu ataambukiza daima. Sivyo. Kinachoamua ni wingi wa virusi katika damu: dawa nyingine zikivibana hadi visionekane kwenye kipimo, na mgonjwa akiendelea kuzimeza, hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono, ijapokuwa alama ya usugu ingalimo mwilini. Wa kuhofiwa zaidi ni usugu usiojulikana, ambapo mtu anameza dawa zisizofanya kazi tena, anajisikia mzima, na virusi vinaongezeka kimyakimya.

Huambiwa pia kwamba usugu ni adhabu ya wakaidi, na kauli hiyo inaniuma. Vita vilipoingia mjini Januari 2025, watu walikimbia na watoto mgongoni, kopo la dawa likabaki nyumbani. Aliyekatiza dawa namna hiyo na arudi kituo cha afya, aseme siku alizokosa bila kuficha, aombe kipimo cha wingi wa virusi, na atumie kondomu hadi majibu yatoke, kwa kuwa kondomu huzuia virusi sugu sawasawa na visivyo sugu.

Hata wenzi wawili wanaoishi na virusi, ikiwa mmoja wao virusi vyake havijadhibitiwa, waendelee kuitumia: mwingine anaweza kupokea aina ya pili, iliyo sugu kwa dawa anazozitegemea.