Tendo na nia: lini mtu ana hatia ya jinai katika sheria ya England

Sheria ya jinai ya England na Wales (Scotland ina yake) haimtii mtu hatiani kwa sababu tu ameleta madhara, wala kwa sababu tu amewaza mabaya. Kwa makosa mengi mazito, upande wa mashtaka hutakiwa kuthibitisha vitu viwili: tendo lililokatazwa, ambalo wanasheria huliita kwa Kilatini actus reus, na nia ovu, yaani mens rea. Tena haitoshi kila kimoja kiwepo kwa wakati wake. Lazima vikutane.

Kukutana huko ndiko kunakozua mabishano. Mwaka 1967 jijini London, askari polisi alimwelekeza dereva mmoja, Fagan, mahali pa kuegesha gari. Gurudumu likampanda askari mguuni. Askari akapiga kelele kwamba gari liko juu ya mguu wake. Fagan akamtukana, akamwambia asubiri, akazima injini. Mahakamani hoja yake ilikuwa hii: nilipoukanyaga mguu sikuwa na nia, na nia iliponijia sikutenda chochote, nilikaa tu. Majaji wengi waliikataa. Walisema kukanyaga kuliendelea kwa muda wote gurudumu lilipokuwa juu ya mguu, na nia ilipoingia ililikuta tendo bado halijaisha.

Kuna pia kutotenda. Ukimwona mtoto wa mtu mwingine anazama kwenye kina kifupi, sheria ya England kwa kawaida haikulazimishi kumwokoa. Kwangu mimi hili ni gumu kulimeza, lakini ndivyo ilivyo. Wajibu huja kwa sababu maalumu: wewe ni mzazi wake, au ndiyo kazi uliyoajiriwa kuifanya. Mwaka 1902 mlinzi wa geti la reli alikwenda kula akaliacha wazi, mkokoteni ukagongwa na treni, mtu akafa. Mlinzi akatiwa hatiani. Kesi ya Miller ya mwaka 1983 ikaongeza sababu nyingine. Miller alilala na sigara mkononi katika nyumba aliyokuwa akiishi bila ruhusa. Alipoamka akaona godoro linafuka moshi, akahamia chumba cha pili akaendelea kulala. Kulala hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kuona hatari aliyoianzisha mwenyewe na kuipa mgongo.

Nia nayo ina ngazi zake. Ya juu ni kukusudia, ambayo ndiyo inayotakiwa katika mauaji: kukusudia kuua au kujeruhi vibaya. Kesi ya Woollin ya mwaka 1998 iliweka mpaka. Kama mtu hakutaka kifo, baraza la wazee wa mahakama (jury, yaani raia wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia) linaweza kuona alikusudia pale tu ambapo kifo au jeraha baya lilikuwa karibu hakika kutokea, naye alilijua hilo.

Chini yake ni kutojali: unaiona hatari, na bila sababu ya maana unaendelea. Je, kama hukuiona kabisa, ila mtu mwenye akili timamu angeiona? Mwaka 1981 majaji walisema hata huyo ana hatia. Mwaka 2003 wakaigeuka kauli hiyo, katika kesi ya watoto wawili wa miaka 11 na 12 waliowasha magazeti nyuma ya duka wakidhani moto utajizimia; duka likateketea. Nadhani walifanya haki. Mtoto hapimwi kwa macho ya mtu mzima.

Yapo makosa yasiyohitaji nia, mengi yakiwa ya barabarani, ya vyakula na ya mazingira. Kuendesha kwa mwendo uliozidi ni kosa hata kama hukutazama kipimo.

Mzigo wa kuthibitisha ni wa nani? Mwaka 1935 kijana wa shambani wa miaka 21, Woolmington, alikuwa amehukumiwa kifo kwa kumpiga mkewe risasi. Yeye alisema bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya. Jaji alikuwa amewaelekeza wazee wa baraza kwamba, kuua kukishathibitishwa, ni juu ya mshtakiwa kuonyesha kwamba si mauaji ya kukusudia. Mahakama ya juu kabisa ikasema sivyo: mashtaka ndiyo yanayothibitisha, tendo na nia, pasipo kuacha shaka ya msingi. Woolmington akaachiwa huru, na jina lake bado hutajwa katika hukumu za mahakama za Kenya na Tanzania.