Kiasi cha Wagiriki na sahani yako: maswali na majibu

Huu ushauri wa "kula kwa kiasi" una ukale gani?
Wagiriki waliuandika kwenye hekalu la mungu wao Apollo kule Delphi: usizidishe chochote. Aliyeufafanua vizuri zaidi ni mwanafalsafa Aristotle, aliyezaliwa mwaka 384 KK. Baba yake alikuwa tabibu wa mfalme wa Makedonia, na nadhani ndiyo maana akizungumzia tabia njema hukimbilia mifano ya mwili: mazoezi yakizidi huharibu nguvu, yakipungua huharibu vilevile.

Kwa hiyo kiasi ni katikati?
Hapana, hapo ndipo wengi hupotea. Aristotle anasema hivi: ikiwa mina 10 za chakula ni nyingi na 2 ni chache (mina ni kipimo chao cha uzito), mwalimu wa mazoezi hawezi kumwagiza kila mtu mina 6. Kwa Milo, mpiga mieleka mashuhuri, 6 ni kidogo; kwa anayeanza mazoezi leo, ni nyingi mno. Kliniki ni hivyohivyo. Sinia la wali analolimaliza mbeba mizigo wa bandarini litampandisha sukari mgonjwa wa kisukari anayeshinda kwenye kiti. Hata kwa chumvi, Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na vyakula vya kopo. Huo ni ukomo, hulazimiki kuufikia.

Basi na sigara mojamoja, kwa kiasi?
Aristotle mwenyewe angekukatalia. Alisema yapo mambo yasiyo na kiasi: hakuna kuiba kwa kiasi wala kuzini kwa kiasi. Tumbaku hakuijua, ila mahali pake ni hapo, maana hata sigara chache kwa siku huuumiza moyo. Divai Wagiriki waliinywa, tena kwa kuichanganya na maji. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari.

Mimi sina nidhamu, ndivyo nilivyozaliwa.
Kwa Aristotle, mtu huwa fundi ujenzi kwa kujenga, na huwa mwenye kiasi kwa kutenda kwa kiasi, tena na tena. Jaribu kuondoa kikopo cha chumvi mezani. Wiki za mwanzo mchuzi utakuwa chapwa, kisha ulimi utazoea.

Niwafuate Wagiriki na kwenye matibabu?
Wafuasi wa Hippocrates, tabibu wao mashuhuri, walionya kwamba kulala na kukesha, vyote vikizidi, ni dalili mbaya; hilo bado lina maana. Lakini nadharia yao kwamba afya ni uwiano wa damu, kohozi na nyongo za aina mbili, iliyofika hadi Pwani yetu kupitia tiba ya Kiarabu, sayansi imeshaiacha. Mlo mzuri usikufanye uache vidonge vya presha. Ukiona presha imeshuka, andika vipimo vyako, umpelekee daktari aamue kuhusu dozi.